Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana wa mazizini, nawasalimu.

Michango ilikwenda vizuri hadi kiangazi, wengi wenu mlipofuata farasi kwenye mbio za Saratoga, New York. Mweka hazina atawasomea hesabu baada yangu. Kosa la Machi, mama zetu walipokuta ukumbi umefungwa wakasubiri kwenye baridi, lilikuwa langu. Naomba radhi tena.

Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa kujifunza historia ya Distaff, mbio za mitamba na majike wa farasi wa miaka 3 na zaidi katika Breeders' Cup, mashindano makubwa ya kila mwaka ya farasi wa mbio Marekani. Wengi wetu hapa Lexington, Kentucky, tunawaosha na kuwatembeza farasi hao kila alfajiri, na bibi zao hatuwajui. Distaff ni kile kijiti cha kushikia pamba mtu anaposokota uzi. Waingereza wa zamani wakalitumia neno hilo kwa upande wa mama katika ukoo. Tulibishana Jumapili mbili, tukakubaliana kuziita Mbio za Kuukeni. Waandaaji wenyewe waliwahi kuliacha jina la Distaff mwaka 2008 wakaziita Ladies' Classic, wakalirudia 2013. Walifanya vema kulirudia.

Mbio zilianza 1984 Hollywood Park, California, Princess Rooney akashinda, umbali ukiwa maili moja na robo. Tangu 1988 ni maili moja na thumuni.

Huo mwaka wa 1988 ndio tuliokaa nao zaidi. Jike Personal Ensign alikuwa amevunjika mfupa wa juu ya ukwato akiwa na miaka 2, akatiwa skrubu 5. Nyinyi mnaopitisha kiganja kwenye miguu ya farasi kila siku, mkitafuta joto, mnajua maana yake. Akarudi, akashinda kila alipokimbia. Siku ya mbio zake za mwisho, katika uwanja wa Churchill Downs, uwanja ulikuwa tope tupu na mbele yake alikuwa Winning Colors, mtamba aliyeshinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za farasi wa miaka 3, mwaka uleule. Tulipoonyesha filamu, Personal Ensign akikata kona yupo mbali kabisa, tope limemjaa kifuani, na mama mmoja akasema, "Huyu hafiki." Alifika. Alimpita mwenzake kwenye mstari wa mwisho kwa pua, yaani kwa urefu wa pua ya farasi tu, akastaafu na ushindi 13 kwa mbio 13. Ukumbi mzima ulisimama, na mbio zenyewe ni za miaka 36 iliyopita.

Jokei wake, yaani mpanda farasi, Randy Romero, ndiye aliyekuwa juu ya mtamba Go for Wand mwaka 1990 huko Belmont Park, farasi huyo alipovunjika mguu akishindana bega kwa bega na Bayakoa. Mtamba yule hakupona. Filamu hiyo hatukuionyesha, na sitaiweka kwenye ratiba maadamu mimi ni mwenyekiti.

Gary Stevens, aliyeshindwa kwa pua juu ya Winning Colors, alirudi kwenye mbio hizi 2016 Santa Anita akiwa na Beholder. Pembeni yake alikuwa mtamba Songbird, ambaye alikuwa ameshinda mbio zake zote 11. Walishikana hadi mwisho, na Beholder akashinda kwa pua. Miaka 28 kati ya pua moja na nyingine!

Na kuukeni kwenyewe? Personal Ensign alimzaa My Flag, My Flag akamzaa Storm Flag Flying. Binti na mjukuu wote walishinda mbio za Breeders' Cup za mitamba wa miaka 2, mmoja 1995, mwingine 2002.

Mwaka huu, tarehe 2 Novemba huko Del Mar, zamu ya kushinda Distaff ilikuwa ya mtamba Thorpedo Anna. Alinunuliwa mnadani kwa dola 40,000, bei ndogo kwa farasi wa daraja lake. Agosti alikimbia na madume kwenye mbio za Travers akakosa ushindi kwa urefu wa kichwa tu. Kwa maoni yangu, kushindwa kule kulimtambulisha kuliko ushindi wake mwingi.

Bado hatujaandika daftari la majina ya Kiswahili ya kazi zetu. Wazee wawili wamejitolea, na watoto wa shule watawasaidia kuchapa.

Msimu wa kuzalisha umeanza, kwa hiyo mkutano ujao utakuwa Jumapili saa nane mchana, wenye zamu za usiku wapate kulala kwanza. Mwenye jike anayekaribia kuzaa asije. Atume mtu achukue karatasi zake.

Mwenyekiti