Mshahara wa jaji si hisani ya Bunge

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, hata mlipokosea mambo ya mji wetu huu nilinyamaza tu, lakini ile makala ya Jumapili kuhusu waasisi wa Marekani na mahakama nimeshindwa kuimeza. Mwandishi wenu kasema waasisi wale walitaka mihimili mitatu ya serikali ikae mbalimbali kabisa, kila mmoja chumbani kwake, kwa hiyo Bunge likiamua kuikata mahakama hela hayo ni mambo ya chumba cha Bunge na jaji hana la kusema. Hivi kuna mtu aliyeisoma hiyo makala kabla haijachapwa? Maana imegeuza kila kitu kichwa chini miguu juu.

Kule Marekani hoja ya uhuru wa majaji ilianzia kwenye mshahara. Chukueni Tangazo la Uhuru la Julai 1776, watu wanakariri yale maneno mazuri ya mwanzo basi wanafunga, lakini teremka mpaka kwenye orodha ya mashtaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu, utakuta wameandika kwamba amewafanya majaji wategemee matakwa yake peke yake, katika muda wa kukaa kazini na katika mishahara, kiasi chake na kulipwa kwake. Na hawakuyazua hayo hewani. Uingereza kwenyewe sheria ya 1701 ilishasema jaji anabaki kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, na wa kuomba atolewe ni mabaraza yote mawili ya Bunge lao, ila watu wa makoloni hawakupewa ulinzi huo. Ilipofika 1772 habari zikaingia koloni la Massachusetts kwamba sasa majaji wa mahakama ya juu watalipwa na mfalme moja kwa moja, watu wakawaka. Majaji wengine wakaikataa ile hela ya mfalme, jaji mkuu Peter Oliver akaing'ang'ania, na 1774 wawakilishi wakamfungulia mashtaka, na raia walioitwa kukaa kwenye juri, lile baraza la raia linaloamua kesi, wakagoma kutumika chini yake. Watu wa kawaida kabisa hao, mafundi na wakulima, na walielewa kitu ambacho mwandishi wenu hajakielewa mpaka leo.

Sasa hapa ndipo angepaswa kusimama asome vizuri. Mfalme alipoondoka tatizo halikuondoka naye, lilihamia kwenye mabunge yao wenyewe. Jimbo la Rhode Island mwaka 1786 bunge lilitoa noti za karatasi, wafanyabiashara hawazitaki maana thamani yake inaporomoka, basi bunge likatunga sheria kwamba anayezikataa ashtakiwe haraka haraka, bila juri na bila rufaa. Mwenye bucha mmoja wa Newport, John Weeden, akakataa noti za mteja wake anaitwa Trevett, akapelekwa kortini. Majaji wakasema hiyo kesi hawawezi kuisikiliza. Wamesema hivyo tu! Bunge likawaita waje wajieleze, majaji wazima wanaitwa kama watoto wa shule wakaeleze kwa nini wameamua walivyoamua, na kwa kuwa kule majaji walikuwa wanateuliwa na bunge mwaka hadi mwaka, mwaka uliofuata wengi wao hawakurudishwa kazini. Hakuna mfalme hapo Mhariri, ni wabunge waliochaguliwa na wananchi, na jaji kapoteza kazi kwa sababu hakuipendelea sheria yao. Kwa hiyo walipokutana Philadelphia 1787 kutunga katiba hawakuwa wanaota. Wakaandika kwenye Ibara ya Tatu kwamba jaji atakaa kazini maadamu mwenendo wake ni mwema, na mshahara wake hautapunguzwa muda wote akiwa kazini. Na walibishana mpaka kwenye nyongeza, James Madison, mmoja wa waliotunga katiba hiyo, akitaka hata kuongeza kukatazwe, kwa hoja kwamba jaji anayengojea nyongeza atawatazama wabunge usoni kabla ya kutoa hukumu, wajumbe wenzake Franklin na Gouverneur Morris wakasema hapana, thamani ya pesa inabadilika na kazi inakua, basi wakaacha mlango wa kuongeza wazi na wa kupunguza wakaufunga kabisa. Halafu Hamilton, mjumbe mwenzao, katika makala ya 79 ya zile za Federalist, zilizoandikwa kuitetea katiba hiyo, akalisema bila kuzunguka, kwamba mwenye uwezo juu ya riziki ya mtu ana uwezo juu ya utashi wake. Sasa mtu anayesema waasisi hao hao wangeona sawa Bunge kushika riziki ya mahakama kila bajeti, huyo kasoma wapi?

Na hiyo habari ya vyumba pia si kweli. Madison katika makala ya 47 aliwajibu waliolalamika kwamba katiba imechanganya madaraka, akasema Montesquieu, yule mwanafalsafa Mfaransa wa mgawanyo wa madaraka, hakuwa na maana kwamba mihimili isigusane hata kidogo, alichokataza ni mkono mmoja kushika mamlaka yote ya mhimili mmoja pamoja na mamlaka yote ya mwingine. Ndio maana rais wao anaweza kuukataa muswada, Seneti inaridhia majaji, na jaji mla rushwa anashtakiwa na wawakilishi. Wanagusana makusudi ili wazuiane.

Najua wengine watasema hao walikuwa wamiliki wa watumwa, watufundishe nini sisi. Kweli Madison alikuwa na watumwa na aibu hiyo ni yake, lakini hoja ya riziki haiwi uongo kwa sababu hiyo. Na walikuwepo waliopinga tangu siku zile zile, yule aliyeandika New York kwa jina la Brutus alionya kwamba majaji wa namna hii watajiona huru hata mbele ya mbingu, na hilo onyo nalichukua kwa uzito, sisemi majaji ni malaika.

Lakini nimeona upande wa pili kwa macho yangu. Mie nilikuwa karani wa mahakama miaka ile ya 1988 Bunge letu Kenya lilipowaondolea majaji ulinzi wa kazi, hawakurudishiwa mpaka 1990, na mahakimu wa chini hata huo ulinzi hawakuwa nao. Hakimu mmoja niliyemfanyia kazi, kituo sikitaji, alikuwa na kesi ya shamba, upande huu mama mjane, upande ule mtu mzito. Hukumu ilishaandikwa, mie ndiye niliyeipiga taipu na mama alikuwa ameshinda. Asubuhi ya kuisoma ikaja simu, baada ya simu ikaja barua ya uhamisho, aende mbali huko kaskazini, aripoti mara moja. Hakubishana. Aliniuliza tu watoto atawahamishaje shule katikati ya muhula. Akaja mwingine akaianzisha kesi upya, ikaahirishwa ikaahirishwa, mwisho yule mama akaacha kuja. Hakuna aliyemtisha hakimu kwa bunduki, waligusa riziki yake tu, basi. Ndio maana Ibara ya 160 ya katiba yetu ya 2010 inakataza malipo ya jaji kubadilishwa kwa hasara yake, ni jambo lile lile la Philadelphia, na mwandishi wenu hakuitaja hata mara moja.

Na kwa kuwa nimeshaanza, kuna na hili la vichwa vya habari. Kila hukumu mnaiandika kama mechi, fulani kabwagwa, serikali yaangukia pua, picha ya wakili anacheka, basi. Sababu za jaji ziko wapi? Hamilton katika makala ya 78 alisema mahakama haina upanga wala mfuko wa fedha, ilichonacho ni uamuzi wake peke yake. Sasa mkichapa nani kashinda mkaacha jaji alifikiaje hapo, wananchi watamtetea kwa kitu gani siku akiguswa?

Ombi langu ni hili. Kila Jumatatu, ukurasa unaotazamana na matangazo ya vifo, maana huo kila mtu anausoma, toeni nusu ukurasa mchape sababu za hukumu moja kwa Kiswahili cha kawaida, herufi zisiwe ndogo kuliko za matokeo ya ligi. Jumatatu ya kwanza muanze na Ibara ya 160, na kando yake lile shtaka la 1776 kuhusu mishahara ya majaji. Kama hamna mtu wa kuifanya kazi hiyo nitaifanya mie bila malipo, hukumu nimezipiga taipu maisha yangu yote.

Karani mstaafu wa mahakama,
Malindi