Friji imerudi, lakini chini hakuna baridi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Picha ya risiti nimeiona, na maelezo yako ya jana nimeyaelewa. Friji ilikuwa inalia "tik" kila baada ya dakika chache bila kuwaka. Duka likaichukua kwa mkokoteni, likairudisha siku ya tatu, ikapoza vizuri kama wiki moja. Sasa juu nyama inaganda kama jiwe, na chini maziwa yanachacha. Risiti imeandikwa rilei, gesi na kazi ya fundi. Rilei umelipia kwa haki. Gesi naitilia shaka, na nataka ujue sababu kabla hujarudi kwao.

Ile "tik" ni kinga ya kompresa, ile pampu ya nyuma inayozungusha gesi, ikikata stima. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inavuta umeme mwingi, inapata moto, kinga inakata. Ikipoa inajaribu tena. Mara nyingi ubovu uko kwenye rilei, kile kidude kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa kuisaidia kuanza. Ndani yake mna kidonge ambacho hupasuka kikiungua. Mwambie fundi akupe ile kuukuu, uitikise karibu na sikio: ikilia kama changarawe, imekufa kweli. Na hapo nampa fundi huyo haki yake, maana wako wanaosikia "tik" wakakuuzia kompresa nzima. Kompresa hupimwa kwa mita kwenye pini zake tatu. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa lazima vitoe kile kikubwa, mathalani omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 12 na 20, basi cha tatu kiwe 32. Na pini yoyote ikipimwa na chuma cha mwili wa kompresa, mita isisome kitu.

Sasa gesi. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ile ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji inaweza kuzeeka nayo ile ile ya kiwandani. Ikipungua, imevuja, na palipovuja pana tundu. Kwetu pwani hilo hutokea, kwa sababu chumvi ya bahari inakula viungo vya mabomba ya nyuma. Lakini aliyejaza gesi bila kuziba tundu amekuuzia wiki chache tu. Na gesi ikiwa kidogo, freza nayo inalegea. Yako inagandisha nyama. Ugonjwa uko kwingine.

Friji yako ni ya kutoganda barafu. Koili ya baridi, yaani bomba lililokunjwa ambamo gesi hupoza, ni moja tu, imefichwa nyuma ya ubao wa plastiki ndani ya freza, na feni inasukuma baridi kutoka hapo hadi chini. Kila baada ya saa kadhaa za kufanya kazi, taima inazima kompresa na kuwasha hita ndogo iyeyushe barafu iliyoshika koili. Hita, taima au kile kiswichi cha baridi kilichobanwa kwenye koili kikifa, barafu inajengeka siku baada ya siku mpaka inaziba njia ya hewa. Juu panaendelea kuganda kwa sababu koili iko hapo hapo. Chini hapapati kitu. Unyevu wa Mombasa unaharakisha mambo, hasa mpira wa mlango ukiwa umelegea. Funga mlango juu ya noti na uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka.

Tazama sasa kwa nini gesi ilionekana kama imetibu. Friji ilikaa imezimwa siku tatu, barafu yote ikayeyuka. Rilei mpya ilipowekwa, hewa ikapita vizuri, ukafurahi, na barafu ikaanza kujengeka upya. Wiki moja ndiyo muda wake hasa. Uliniambia kuwa hata kabla ya kuzima kabisa mboga zilikuwa zinaoza chini, na kwamba dukani uliwaeleza. Hapo ndipo walipokosea: walisikia "haipozi" wakakimbilia gesi.

Hakikisha mwenyewe. Chomoa friji, toa vitu vyote kwenye freza, fungua skrubu za ubao wa nyuma, huwa chache. Ukikuta koili imefunikwa na barafu nene nyeupe kiasi cha kutoona mapezi yake, jibu umelipata, piga picha. Ukikuta imeshika barafu nyembamba sawasawa kote, basi angalia feni. Ikiwa barafu iko kona moja tu na kwingine pakavu, gesi kweli ni kidogo, na nitakuwa nimemdhania fundi vibaya. Usibanjue barafu kwa kisu wala bisibisi. Koili ni alumini laini. Ukiitoboa, ndipo gesi itakapotoka kweli. Acha milango wazi saa 24, weka matambara chini.

Kisha rudi dukani na picha hiyo, kwa adabu. Muulize, "Fundi, gesi ilikuwa inavuja wapi?" Aliyeziba tundu atakuonyesha mahali. Nawe tazama nyuma, karibu na kompresa: mfumo ukifunguliwa lazima draya ibadilishwe, ile kopa nene kama kidole inayokaa kabla ya mrija mwembamba, na hewa ivutwe kwa pampu si chini ya nusu saa. Utaona kopa mpya inayong'aa na alama za kulehemu. Ukiona rangi ya kiwandani na vumbi la zamani kwenye viungo vyote, na mrija wa kujazia haujaguswa, hakuna gesi iliyoingia. Omba urudishiwe hiyo pesa, au ifidie kazi ya hita na taima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya huduma yenye ubora unaostahili, lakini sidhani utahitaji kufika huko na mtu aliyebadilisha rilei kwa uaminifu.

Ikiwa gesi iliingia, soma kibandiko cha nyuma. Kimeandika aina ya gesi na gramu zake. Gesi ya R600a ina alama ya moto, na inawaka kweli. Kazi yake ifanywe uwanjani, mbali na jiko. R134a haiwaki na kipimo chake ni kingine. Aliyejaza moja mahali pa nyingine ameichosha kompresa. Na gesi hupimwa kwa mizani, si kwa kusikiliza mlio.

Wakipima hita, ya wati 150 kwa stima ya volti 240 husoma karibu omu 380, isiposoma, imekatika. Kile kiswichi cha baridi kinawachanganya wengi. Kikiwa na joto la chumba huwa kimekata, na huo si ubovu. Kigandishwe kwanza, kisha kipimwe.

Mwambie fundi aje nyumbani. Usikubali friji ivuke feri tena imelazwa kwenye mkokoteni. Ikilazimu, isimame wima, na ikilala, isichomekwe mpaka kesho yake ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Nunua na ile gadi ya friji inayochelewesha stima dakika chache ikirudi. Rilei nyingi huungulia hapo.

Nyama na samaki wahamishie kwa jirani leo jioni, kabla hujachomoa. Picha ya koili nitumie hata ikiwa usiku.

Mamako