Yoga yetu ya Jumamosi Dunga: kuhusu lile swali

Hamjambo wapendwa. Tangu jana mnaniuliza kama muumini anaweza kufanya yoga. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake kuunganisha, na mizizi ya Kihindu haifichiki. Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyewafunza vijana mikao hii kwenye kasri la Mysore, India, miaka ya 1930, alikuwa mfuasi wa dhati wa Vishnu, mungu wa Kihindu. Kwa hiyo msiniambie ni kunyoosha viungo tu. Ila mgongo wangu haujui dini, na kupumua hakuna mwenyewe.

Nimeamua: hatutaimba “Om”, ile sauti takatifu ya Wahindu. Salamu ya jua, ule mfululizo wa mikao ya yoga, asiyeitaka akae, hatumwulizi. (Mama Achi, mchungaji wako pia anakaribishwa.) Saa kumi na mbili asubuhi, njooni na mikeka au leso.