Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Niseme tu kwamba ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, na ambao hawajalipa wanajijua.

Nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye kanda ambazo familia zimekuwa zikituletea tuzihifadhi: harusi, kichen pati, mahafali, na hata misiba. Ubishi ulipozuka kuhusu nani ana haki ya kuzionyesha, kamati ilichagua mada ya mwaka iwe Abraham Zapruder, aliyenasa kwenye filamu kuuawa kwa Rais John F. Kennedy wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1905 Kovel, mji ambao leo uko Ukraine, akahamia Marekani na hatimaye akawa na kiwanda cha nguo za kike Dallas. Kupiga filamu kwake kulikuwa mapenzi tu. Alikuwa mtu wa ridhaa kama sisi. Tarehe 22 Novemba 1963 kamera aliiacha nyumbani, mpaka katibu wake alipomhimiza akaifuate. Alipanda juu ya kinguzo cha zege pale Dealey Plaza, uwanja wa wazi mjini Dallas, na kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa kizunguzungu, mfanyakazi wake akasimama nyuma kumshikilia. Kamera yenyewe ilikuwa Bell & Howell ya milimita 8, ya kutia ufunguo, isiyonasa sauti. Msafara wa Rais Kennedy ukapita, risasi zikalia, naye hakuishusha. Sekunde 26, fremu 486, yaani picha moja moja zinazounda filamu.

Wengi wetu huishia hapo, tukisifia mkono wake. Mimi yaliyofuata ndiyo yaliyonikaa. Filamu aliiuzia jarida la Life kwa dola 150,000, akampa dola 25,000 mjane wa polisi J. D. Tippit, aliyeuawa siku ileile. Akataka fremu ya 313, inayoonyesha risasi ikimpiga rais kichwani, isichapishwe. Wapo wanaosema alinufaika na msiba. Fedha alichukua, ni kweli, lakini ni wauzaji wangapi hudai mnunuzi asionyeshe sehemu ambayo kila mtu angeikimbilia? Mwaka 1964, akitoa ushahidi mbele ya Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji hayo, alilia.

Alifariki mwaka 1970. Miaka mitano baadaye filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa, fremu hiyo ikiwemo, na Life ikairudishia familia kwa dola moja. Baadaye serikali iliichukua nakala halisi, na mwaka 1999 wasuluhishi wakaamua familia ilipwe dola milioni 16. Hakimiliki familia iliikabidhi kwa jumba la makumbusho la Sixth Floor, palepale Dallas.

Yeye angalau aliweka sharti. Kanda zilizo kabatini kwetu hazina hata karatasi moja ya masharti.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo: kila anayeleta kanda ajaze fomu, aseme nini kionyeshwe, nini kisionyeshwe, na nani aulizwe yeye akishafariki. Rasimu ya fomu anayo katibu. Isomeni kabla ya kura, hasa kipengele cha misiba, maana hapo kamati yenyewe haijakubaliana.