Barua ya malalamiko: Bolti ya stendi ya katikati imekatika mara tatu, tundu lilelile

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUKATIKA MARA KWA MARA KWA BOLTI YA STENDI YA KATIKATI KWENYE PIKIPIKI YA SAFARI NDEFU

Ndugu Meneja,

Naandika barua hii nikiwa na bolti tatu zilizokatika mezani mbele yangu. Zote zimetoka kwenye pikipiki moja, tundu moja, upande wa kushoto wa stendi ya katikati. Ya kwanza ilikatika pikipiki ikiwa na kilomita 14,200, ya pili kilomita 21,600, ya tatu kilomita 27,900. Mara mbili za kwanza gereji yenu ilinipa bolti mpya bila malipo, na kwa hilo nashukuru. Lakini ya nne siitaki. Ugonjwa hauko kwenye bolti. Uko kwenye kitu kilicho jirani nayo, na kitu hicho nimekipima.

Nianze na ile ya tatu, maana ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Tulikuwa safarini mimi na mke wangu, masanduku yote matatu yamejaa. Tulipoinama kwenye kona ya kushoto nikasikia chuma kikiburuzika kwenye lami, na mtetemo ukapanda hadi kwenye kikanyagio cha mguu wangu. Nikainyanyua pikipiki polepole, nikapunguza mwendo, nikasimama pembeni. Stendi ilikuwa imeshuka upande wa kushoto, inaning'inia kwa bolti ya kulia na springi peke yake. Ncha yake ilikuwa imelika hadi kung'aa. Kona ile ingekuwa kali zaidi, chuma kile kingeweza kubeba uzito na kuinua tairi la nyuma barabarani, abiria akiwa amekaa juu yake. Mke wangu hakusema neno. Aliitazama tu ile ncha, kisha akanisaidia kutoa mizigo ili nifungue stendi yote na kuifunga juu ya sanduku.

Siku mbili baadaye tairi la nyuma likapata pancha. Mnaotengeneza pikipiki hizi mnajua stendi ya katikati ni ya nini: ndiyo inayokuwezesha kutoa gurudumu la nyuma ukiwa peke yako mahali pasipo na gereji, na ndiyo inayokuwezesha kupaka cheni mafuta kila jioni bila kusukuma pikipiki hatua kwa hatua. Tuliegemeza pikipiki yenye karibu kilo 280 kwenye mawe na tawi la mti. Sitaki kufanya hivyo tena.

Sasa niseme majibu niliyopewa. Mara ya kwanza niliambiwa huenda nilikaa juu ya pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi. Sijawahi kufanya hivyo. Mara ya pili niliambiwa mizigo ni mizito. Nilipima masanduku yote yakiwa yamejaa, na uzito uko chini ya kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu chenu. Mara ya tatu nikaahidiwa bolti yenye alama 12.9, yaani ya chuma kigumu zaidi, badala ya ile ya 8.8, kana kwamba tatizo ni ulaini wa chuma.

Nawaomba mtazame nyuso za bolti hizi pale zilipokatika, kwenye picha nilizoambatanisha. Karibu robo tatu ya kila uso ni laini, na ina mistari myembamba iliyojipinda kama alama za maji ya bahari kwenye mchanga. Ufa ulianza upande mmoja ukatembea kidogo kidogo kwa maelfu ya mitikisiko. Kipande chenye chenga, yaani kile kilichoachia mwisho kwa mara moja, ni kidogo sana. Bolti iliyozidiwa na mzigo haikatiki hivi. Ingejivuta na kupinda, na uso wake wote ungekuwa wa chenga. Huku ni kuchoka kwa chuma, na ufa kuwa mkubwa kiasi hicho kabla ya bolti kuachia maana yake ni kwamba mzigo wa siku ile ya mwisho haukuwa mkubwa.

Bolti ya pivoti, yaani hii inayoishikilia stendi kwenye fremu, ikikazwa sawasawa haitakiwi kupinda hata kidogo. Kazi yake ni kuyabana masikio mawili ya fremu (vibao vya chuma vyenye tundu la bolti) dhidi ya bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma kilicho ndani ya bomba la stendi. Msuguano wa mbano ule ndio unaobeba mzigo, na bomba linazunguka juu ya bushi kwa uhuru. Ili hilo litokee, bushi lazima iwe ndefu kuliko bomba kwa sehemu ya milimita. Ikiwa fupi, masikio yanabana bomba lenyewe.

Nilipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia sehemu za milimita. Bomba la stendi ni milimita 38.0 pande zote mbili. Bushi ya kulia ni 38.3. Ya kushoto ni 37.6.

Tofauti hiyo ya milimita 0.7 kati ya bushi mbili zinazotakiwa kuwa pacha inaeleza kila kitu kilichonipata. Nati ya kushoto ikikazwa kwa Newton-mita 45 (kipimo cha nguvu ya kukazia) kama kitabu chenu kinavyoagiza, stendi inakuwa nzito na springi zinashindwa kuirudisha juu. Nililiona hilo kwa macho yangu kwenye gereji yenu: fundi alikaza, akajaribu stendi, ikagoma, akailegeza nati robo mzunguko ili ipande. Simlaumu fundi. Alikuwa na njia mbili tu, stendi isiyopanda au bolti isiyobana, na kitabu hakikumpa ya tatu. Lakini tangu dakika ile bolti ikawa pini ya kawaida inayopinda kila stendi inapodunda kwenye mpira wake barabara inapokuwa mbovu, na kila ninapoinyanyua pikipiki. Kile kikanyagio cha kushushia stendi kiko kushoto, kwa hiyo upande huohuo ndio unaopokea uzito wangu wote ninapokanyaga. Nati yenye plastiki ndani haisaidii hapo. Inaizuia nati isidondoke, haiwezi kuirudisha nguvu ya kubana iliyokwisha kupotea.

Kuna kasoro ya pili inayoipa nguvu ya kwanza. Meno ya bolti yenu yanaingia ndani mno, hadi pale sikio la fremu linapokutana na bomba, na bolti zote tatu zimekatikia kwenye jino la kwanza, hapohapo. Bolti ya M10, yaani yenye unene wa milimita 10, ina eneo la milimita za mraba 78.5 kwenye shina lake laini, lakini penye meno linabaki 58 tu, na mzizi wa kila jino ni mahali ufa unapopenda kuanzia. Bolti yenye shina refu zaidi ingeweka meno nje ya sehemu inayokatwa.

Kwa sababu hizo bolti ya 12.9 haitatibu chochote. Nguvu ya kuvutwa inaongezeka, ni kweli, lakini uvumilivu wa meno dhidi ya kupindwa maelfu ya mara hauongezeki kwa kiasi hicho. Tena chuma kigumu namna hiyo kikipakwa zinki kwa umeme bila uangalifu kinaweza kunyonya haidrojeni na kukatika ghafla bila dalili. Afadhali bolti ya 8.8 iliyobana kuliko ya 12.9 inayocheza.

Sikutaka kuwaletea dhana tupu, hivyo nilifanya jaribio. Nilinunua bolti mbili mpya za 8.8 zinazofanana, nikazikaza zote kwa Newton-mita 45, nikachora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Nilipanda peke yangu, bila mizigo, na nilikagua kila jioni. Baada ya kilomita 400 mstari wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umeachana, nati imerudi karibu sehemu moja ya sita ya mzunguko, na ncha za bomba zimekwaruzwa pale zilipokuwa zikisagana na masikio. Nikabadilishana bushi: fupi nikaipeleka kulia, ndefu kushoto. Haikufika kilomita 400 nati ya kulia ikalegea. Ya kushoto, ambayo ilikuwa imenisumbua kwa zaidi ya mwaka, haikusogea. Kasoro ilihama pamoja na bushi.

Mwishowe nilimpelekea fundi wa lethi (mashine ya kuchongea chuma) ile bushi ndefu kama kielelezo, akanichongea nyingine ya milimita 38.3. Nilisafisha meno ya bolti, nikatia gundi ya kuzuia kulegea, nikapaka grisi kati ya bushi na bomba tu, wala si kwenye meno. Stendi inapanda kwa kidole kimoja cha mguu. Hadi leo nimetembea kilomita 2,600 na mistari yote miwili ya rangi haijaachana.

Mtaniuliza basi nalalamika nini ikiwa inafanya kazi. Nalalamikia fremu. Bolti iliyolegea imekuwa ikigonga tundu la sikio la kushoto kwa muda wote huo, na tundu hilo si duara tena: upande mmoja linapimika milimita 10.2, upande mwingine 10.9. Bushi yangu ya kuchonga haiwezi kurekebisha hilo. Na nalalamika kwamba mara tatu nililetea gereji yenu bolti iliyokatika, mara tatu hakuna aliyetoa bushi na kuipima, kazi ambayo mimi nisiye fundi niliimaliza kabla chai haijapoa.

Ninachodai ni hiki. Sikio la kushoto la fremu litengenezwe kwa gharama yenu chini ya udhamini, ama kwa kupanua tundu na kupachika pete ya chuma yenye kipimo sahihi, ama kwa njia nyingine ambayo wahandisi wenu wataithibitisha kwa maandishi. Sitakubali lichomelewe na kutobolewa upya kwa kukadiria, maana sehemu ile ikipotoka masikio hayatakuwa sambamba na tutarudi tulikotoka. Nipewe bushi mbili zilizopimwa na bolti zenye shina refu. Nirudishiwe gharama za kuchonga bushi na za bolti nilizonunua, risiti zimeambatanishwa.

Dai langu zito zaidi si la pikipiki yangu. Bushi yangu fupi haikukatwa peke yake siku ile kiwandani. Nawaomba mpime zilizobaki ghalani, na kama kuna nyingine fupi, muwaandikie wenye pikipiki zilizofungwa bushi hizo kabla stendi zao hazijashuka kwenye kona. Waelezeni mafundi wenu pia kwamba stendi ikigoma baada ya kukazwa, nati isilegezwe. Bushi itolewe ipimwe.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, likitaja jina la mhandisi atakayeshughulikia suala hili. Nisipolipata nitapeleka vielelezo hivi kwa mamlaka ya kulinda watumiaji wa bidhaa.

Nimeambatanisha picha za nyuso za bolti zote tatu, picha za kalipa ikiwa juu ya bushi na tundu la fremu, picha za mistari ya rangi kabla na baada, risiti, na nakala za fomu tatu za gereji yenu. Bolti zenyewe na ile bushi fupi nabaki nazo. Mhandisi wenu akitaka kuziona nitazileta mwenyewe, na nitasubiri hapohapo hadi amalize kuzipima.

Wenu,

Mwenye pikipiki
(Jina, simu na namba ya fremu vimo kwenye nakala ya fomu ya udhamini iliyoambatanishwa)