Barua kwa Baba Mkubwa kutoka Waterloo, Iowa

Mpendwa Baba Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima katika jina la Bwana. Ujumbe wako kuhusu karo ya Neema umenifikia, na fedha nitatuma Ijumaa nikipokea mshahara. Hata hivyo, Mama Bahati amenieleza kwamba kwenye kikao cha ukoo ulisema nimejificha katikati ya Wazungu na kwamba watoto wangu wamepotea. Maneno hayo yameniuma, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninaishi na nani.

Waterloo ni mji mdogo unaopasuliwa katikati na Mto Cedar; sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 67,314, na ni kweli kwamba wengi wao ni Wazungu. Lakini Wamarekani Weusi wamekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Wazee wao waliletwa kutoka Mississippi wafanyakazi wa reli walipogoma mwaka 1911, wakabanwa kwenye mtaa mmoja kando ya reli kwa sababu kwingine hawakukubaliwa kukaa; na mwaka 2015 mji huohuo ukamchagua Quentin Hart kuwa meya wake wa kwanza Mweusi. Katika miaka ya 1990 wakaja Wabosnia waliokimbia vita, wakaajiriwa katika kiwanda cha nyama ya nguruwe. Baada yao wakaja watu wa Myanmar, kisha sisi Wakongo, na wote tumeingilia mlango ule ule wa kiwanda, kwenye kazi ambazo wenyeji wengi hawakuzitaka.

Kazi ina baridi, lakini nimeizoea. Nyumba ninayokaa ni yangu, Baba Mkubwa, nimeinunua kwa jasho langu, ina vyumba vitatu na uwanja nyuma ambako mke wangu amepanda lengalenga na maharage. Jirani yetu, mama wa Kibosnia, hutuletea pilipili kubwa za bustani yake, nasi humpa mboga. Sombe, yaani majani ya muhogo, tunainunua ikiwa imetwangwa na kugandishwa, na unga wa muhogo haukosekani katika duka la Mkongo mwenzetu. Ndagala, wale samaki wadogo, pia wapo, ingawa bei yao inatisha. Jumapili alasiri, Wazungu wakishamaliza ibada yao, tunaingia katika kanisa lao na kusali kwa Kiswahili. Binti yangu mkubwa ndiye anayeongoza kwaya, na ndiye anayewatafsiria wazee wetu wanapokwenda hospitali. Huyo ndiye mtoto mliyesema amepotea.

Sikatai kwamba nina upweke. Januari, theluji inapofunika kila kitu, natamani kuoga katika Ziwa Tanganyika pale Kalundu na kusikia wavuvi wakiitana, na hapo hakuna mshahara unaonifariji.

Kwa hiyo naomba, kabla ya kutumia fedha hizo za karo, uwaite wote waliokuwapo kwenye kikao kile, uwasomee barua hii yote, kisha uniandikie walivyojibu.

Mwanao,
Baba Furaha