Shela yetu, si hiyo yenu

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na mama pia mfikishie. Barua yako nimeisoma baada ya laasiri, nimekaa barazani, nikacheka pale ulipoandika kuwa tangu wakuchague mwenyekiti wa wavuvi huuonji utamu wa chai. Karibu kazini.

Waniuliza ujasiri niliupata wapi. Yakhe, bora nikwambie nilipoukosa. Mwaka ule wa kwanza niliopewa mashua, tulitoka upepo wa kusi umeshika. Pale kwenye mlango wa bahari wa Shela (Shela yetu, si hiyo yenu ya Malindi) mawimbi yalikuwa yakipasuka meupe, na moyo ulishaniambia turudi. Lakini nyuma yangu alikaa mzee aliyenizidi miaka ishirini baharini, na ufuoni kumejaa watu. Nikaona haya. Nikashika usukani kama mtu ajuaye. Wimbi la tatu likatuingia lote. Sanduku la barafu likaenda, nyavu zetu za jarife zikaenda, na mtoto wa dada yangu nilimdaka kwa ukosi wa shati. Mpaka leo vidole hivi vinaukumbuka ule ukosi. Siku ile niliwaogopa watu kuliko bahari.

Mwaka wa pili, mahali pale pale, nikasema tunarudi. Sauti ilinitoka nyembamba, utadhani si yangu. Waliokuwa ufuoni wakatuzomea, na mwezi mzima nikaitwa nahodha wa bakuli. Yule mzee hakusema kitu. Ila kesho yake alfajiri nilimkuta ndani ya mashua, ashamaliza kukumba maji.

Haya, la kwako. Wasema huwezi kusimama mkutanoni ukataze juya, ule wavu wa kukokota, ilhali mwenye juya ni mjomba wako. Kuna moja umelisahau, ama umeliruka makusudi: na wewe una fungu lako katika juya hilo. Pikipiki unayopanda imetoka humo. Watu wa ufuoni hesabu hizo wanazijua kuliko karani yeyote. Basi litoe fungu lako kwanza, bila kumtangazia mtu, halafu mwendee mjomba nyumbani baada ya isha, peke yako, kabla hajayasikia kwa mwingine. Usimtahayarishe mkutanoni, mjomba ni mjomba. Atakasirika. Mwache akasirike, nawe unywe kahawa yake mpaka iishe. Na wale vijana wanaolikokota wana watoto, kwa hiyo uende na jibu: mwezi wa kwanza watakula nini, na jarife watalipata wapi. Ukienda na katazo tupu watavuta usiku, na wala sitawalaumu.

Ukiona jambo linakulemea, pita hapo mahakamani kwenu ulitazame lile jengo. Wavuvi wa huku walifungua kesi juu ya ujenzi wa bandari ya Lamu mwaka 2012. Barazani watu walicheka: tangu lini mvuvi akaishtaki serikali? Ikaenda miaka sita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapo Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Wengi husimulia bilioni. Mimi huifikiria ile miaka ya katikati, mtu anarudi nyumbani hana jipya la kuwaambia wenziwe, na wiki ijayo itabidi awaite tena.

Kusi ikilegea nitapanda basi nije. Kabla ya hapo niandikie mjomba alisemaje, na kama hiyo kahawa aliitoa.

Yule mpwa wangu wa ukosi sasa ndiye ashikaye usukani. Jana nilimwamsha tutoke, akachungulia nje, akasema bahari leo siipendi. Nilibishana naye kidogo, kisha nikarudi kulala.

Ni mimi sahibu yako,
wa Langoni